Namna ya Kuendesha Legacy ya Familia Ndani ya Assetto Corsa

Anayefungua Assetto Corsa, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, kwa mara ya kwanza hukimbilia Ferrari. Raundi ya kwanza ukutani, ya pili ukutani, ya tatu anafunga kompyuta na kusema mchezo huu haufai bila usukani wa bei mbaya. Mimi humshauri mtu wa namna hiyo aanze na gari la nyumbani: stesheni wagoni, lile gari la buti refu linalopeleka watoto shule Jumatatu na kurudi na magunia ya viazi Jumamosi. Halina bawa la kulikandamiza kwenye lami, tairi zake ni za barabarani, na likielemea upande unaliona kwa macho. Ukikosea, linakuonyesha ulipokosea kabla halijakutupa nje.

Kwa mwongozo huu nimechukua Subaru Legacy Touring Wagon GT-B, ile ya 1998 hadi 2003 ambayo wapenzi wa Subaru huiita BH5. Nairobi na Arusha wanaijua vizuri. Iliingia mtumba kutoka Japani, na mlio wake wa kukoroma umewaamsha majirani wengi usiku. Injini ni ya lita 2.0, silinda nne zilizolala, mbili kila upande, tabo mbili za kuisukumia hewa zaidi, na nguvu ya farasi 280 kwa toleo la gia za mkono. Ukiona magari mengi ya Kijapani ya enzi hizo yameandikwa 280 hiyohiyo, usishangae. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo.

Hatua hizi zinafaa pia kwa Volvo, Audi au BMW ya buti refu. Na rafiki akikucheka kwamba unashindana na gari la kubebea mboga, msimulie habari ya 1994. Mwaka huo Volvo na timu ya TWR ya Tom Walkinshaw waliingiza 850 za stesheni wagoni kwenye BTCC, mashindano ya magari ya abiria ya Uingereza, madereva wakiwa Rickard Rydell na Jan Lammers. Wapinzani walicheka sana. Timu ikawajibu kwa kupakia mbwa mkubwa wa mwanasesere kwenye buti wakati wa raundi ya kuwasalimia watazamaji. Hazikushinda mbio hata moja, na mwaka uliofuata kanuni mpya za mabawa zikawafanya wahamie kwenye sedani. Lakini leo ukitaja Volvo na BTCC, watu wanakumbuka zile wagoni.

Hatua ya 1: Vifaa ulivyonavyo vinatosha

Assetto Corsa ni kazi ya Kunos Simulazioni wa Italia na ilitoka rasmi Desemba 2014, kwa hiyo kompyuta ya kawaida yenye kadi ya picha ya miaka kadhaa iliyopita inaimudu. Lenga fremu (picha) 60 kwa sekunde zisizoyumba. Kama hufiki, punguza vivuli na taswira za kwenye vioo kwanza, maana hivyo ndivyo vinavyokula nguvu bila kukusaidia kuendesha.

Usukani wa mtumba unaozunguka nyuzi 900, kama Logitech G27 au G29, ni zaidi ya kutosha. Ukiwa na kidhibiti cha mkono, utaweza. Kibodi itakutesa, kwa sababu somo zima la gari hili ni kukanyaga na kuachia kidogokidogo, na kibodi inajua mambo mawili tu: yote au hakuna.

Ukishaunganisha usukani, hakikisha mchezo unausoma kama nyuzi 900. Kisha ndani ya gari sogeza kipanya ukingo wa kulia wa skrini, ufungue kidirisha kinachoonyesha pedeli na nguvu ya usukani. Nguzo ya nguvu ikigeuka nyekundu kwenye kila kona, maana yake mota ya usukani imefika mwisho wake na inakunyima habari. Punguza kwa kitufe cha kutoa kilicho upande wa namba za kibodi. Watu hupenda usukani mzito wakidhani ndio uhalisia, ilhali Legacy halisi ina pawa steringi.

Hatua ya 2: Pakua na uweke modi

Mchezo wenyewe hauji na Legacy, hivyo utahitaji modi, yaani gari lililotengenezwa na mtumiaji mwingine. Kabla ya hapo weka programu mbili. Ya kwanza ni Content Manager, inayochukua nafasi ya menyu ya kawaida ya mchezo na ambayo toleo lake la bure linatosha. Ya pili ni Custom Shaders Patch, ambayo modi nyingi za siku hizi huitegemea ili taa na vioo vifanye kazi sawasawa.

Faili la modi moja linaweza kupita megabaiti 100, nyingine mara tatu ya hapo. Kama unatumia bando la simu, soma maelezo na utazame picha kwanza, usipakue tano ili uchague moja. Modi ya kweli huja kama zip, rar au 7z, na ndani yake ni folda na mafaili ya data. Ukikuta faili la exe linalokutaka ulifungue ndipo upate gari, futa. Hakuna gari linalohitaji hivyo.

Kuweka ni rahisi: buruta zip uidondoshe juu ya dirisha la Content Manager, thibitisha, basi. Wanaopenda kuweka kwa mkono, folda ya gari inakwenda assettocorsa/content/cars. Usibadilishe jina la folda hiyo hata kama ni baya. Faili la sauti limefungwa kwa jina hilo, ukilibadilisha gari litatembea kimya kama la umeme, kisha utaanza kutafuta tatizo kwenye spika.

Hatua ya 3: Kagua modi kabla ya kulaumu mikono yako

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyonipotezea wiki mbili nzima. Legacy ya kwanza niliyopakua ilikuwa nzuri mno kwa nje. Nembo, viti, hata mikwaruzo ya bampa. Barabarani ikawa inaruka kama karatasi kwenye upepo, na mimi nikaamini nimekuwa dereva hodari. Siku nilipofungua mafaili yake nikakuta uzito ni kilo 1,180. Aliyeitengeneza alikuwa amevalisha bodi ya Legacy juu ya data ya kigari kidogo.

Kwa hiyo mnunue huyu mbuzi baada ya kumkagua meno. Ndani ya folda ya gari tafuta folda ya data. Kama hakuna, kuna faili moja linaloitwa data.acd. Content Manager inaweza kulifungua kutoka kwenye ukurasa wa gari husika. Likishafunguka, lipe data.acd jina jingine, la sivyo mchezo utaendelea kulisoma hilo na kupuuza folda yako. Baadhi ya watengenezaji hufunga data zao makusudi, hizo ziache. Na weka nakala ya asili pembeni, kwa sababu gari lililoguswa namba zake hukataliwa na seva za mtandaoni.

Sasa soma.

Kwenye car.ini tafuta TOTALMASS. Hiyo ni kilo za gari pamoja na dereva, bila mafuta. Kwa Legacy hii natarajia kati ya 1,500 na 1,600. Chini ya 1,400, hilo ni gari jingine lililovalishwa bodi ya Legacy. Humohumo kuna STEER_LOCK, nyuzi za usukani kutoka katikati hadi mwisho wa upande mmoja. Kwa gari la familia tarajia namba ya 400 na kitu au zaidi, si 180 ya gari la mashindano.

Kwenye suspensions.ini tafuta WHEELBASE, umbali kati ya akseli ya mbele na ya nyuma. Legacy BH ni mita 2.65. Kama imeandikwa 2.45, umeshajua. Chini yake kuna CG_LOCATION, sehemu ya uzito iliyo mbele. Injini ya Subaru hukaa mbele ya akseli ya mbele, imening'inia kama mzigo kwenye kifua, kwa hiyo 0.54 hadi 0.58 inaingia akilini. Ukikuta 0.50 kamili, mtu alibahatisha.

Kwenye drivetrain.ini, TYPE iwe AWD, yaani magurudumu yote manne yanasukuma. Kama wagoni yako ni Volvo 850 ya kawaida iwe FWD (ya mbele tu), na BMW RWD (ya nyuma tu). Inaonekana jambo la wazi, lakini nimewahi kuona Legacy inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, eti ili ifae kuserereka.

Nguvu ya injini ndiyo inayowachanganya wengi. Faili la power.lut huorodhesha torki, nguvu ya kuzungusha, kwa kila mzunguko wa injini, na kwa gari la tabo utashangaa namba zake ni ndogo. Si kosa. Mchezo huchukua namba hiyo na kuizidisha kwa moja jumlisha presha ya tabo. Torki 160 kwa presha ya 1.0 inakuwa 320. Tazama pia sehemu za tabo kwenye engine.ini: BH5 ya kweli ina mbili, kwa hiyo mtengenezaji makini ama ataandika TURBO_0 na TURBO_1, ama atachora athari zake ndani ya power.lut. Tutaona kwa nini ni muhimu.

Mwisho tyres.ini. Tafuta majina ya tairi. Za barabarani ndizo zako. Modi ikiwa na tairi laini za mashindano pekee, gari litashika lami kama gundi na hutajifunza kitu.

Hatua ya 4: Upepo wa tairi, na mengine yaache

Kila anayetoka kwenye magari ya mashindano hukimbilia kubadilisha springi, shokapu na stebilaiza. Acha. Gari la familia halikujengwa na marekebisho mengi, na modi nzuri huyaficha kwa sababu hiyohiyo. Kinachokupa faida kubwa ni upepo.

Kwenye tyres.ini kuna PRESSURE_IDEAL, PSI ambayo tairi inashika vizuri zaidi ikiwa imepata moto. Tuseme ni 33. Ukijaza 33 tairi ikiwa baridi, ikipanda kutoka nyuzi joto 30 hadi 70 upepo utafika karibu 39, na gari litaanza kuelea. Anza na 27, piga raundi tatu, angalia kidirisha cha tairi, kisha ongeza au punguza mpaka namba ya moto ikaribie 33. Mara nyingi tairi za mbele ndizo zitakazopanda zaidi kwa sababu ndizo zinazobeba pua nzito, kwa hiyo usishangae ukimaliza na mbele PSI moja chini ya nyuma.

Mafuta: lita 15 zinatosha mazoezi. Tangi likijaa unabeba zaidi ya kilo 40 bila sababu.

Misaada ya kuendesha iweke kama ilivyotoka kiwandani. ABS, inayozuia magurudumu kuganda ukifunga breki, ipo, iwashe. Ule msaada wa mchezo wa kulituliza gari uweke sifuri, kwa maana unakushika mkono bila kukuambia. Mstari wa rangi barabarani uzime pia. Klachi ya otomatiki si dhambi.

Hatua ya 5: Raundi ishirini za Magione

Magione ni kiwanja kifupi cha Umbria, Italia, kilomita 2.5 tu, na huja na mchezo. Hakuna sehemu ndefu ya kukuficha makosa, na ukitoka nje unarudi upesi. Chagua mazoezi, bila wapinzani.

Raundi tano za kwanza endesha kama umembeba bibi yako kiti cha nyuma naye amepakata sufuria ya mchuzi. Sisemi utani. Unataka kuhisi gari linavyohama. Kanyaga breki, pua inazama. Achia, inanyanyuka. Geuza usukani, bodi inalala, inasubiri kidogo, kisha inatulia. Huko kusubiri ndiko kunakotofautisha wagoni na gari dogo.

Hesabu yake ni hii. Chukua gari la kilo 1,555 pamoja na dereva, asilimia 56 mbele. Likiwa limetulia, mbele inabeba kilo 871 na nyuma 684. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tuseme 0.9 ya mvuto wa dunia, na kitovu cha uzito kikiwa sentimita 55 juu ya lami, kilo 290 hivi zinahama kutoka nyuma kwenda mbele. Sasa mbele ni 1,161 na nyuma 394. Tairi za nyuma zimebaki zinagusa lami kwa adabu tu. Ukigeuza usukani kwa nguvu wakati huohuo, au ukaachia breki ghafla, unajua ni upande gani utakuaga.

Na wagoni ina la ziada: lile paa refu, kioo kikubwa cha nyuma na mlango wa buti vyote vimekaa juu na nyuma kabisa. Gari likitakiwa kuanza kuzunguka linachelewa, na likishaanza linachelewa kuacha. Ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani. Ukigeuka polepole maji yanakufuata. Ukigeuka ghafla maji yanabaki yakienda kule ulikokuwa unaenda, kisha yanakuja yote kwa pamoja shingoni mwako. Madereva wengi hurekebisha usukani pale nyuma inapoanza kuchomoka, wanafanikiwa, halafu gari linawapiga upande wa pili. Ni maji hayo yanarudi.

Kwa hiyo mfuatano wa kila kona uwe hivi. Funga breki gari likiwa limenyooka, na ufunge mapema kuliko unavyodhani. Mguu wa breki uwe mzito mwanzoni na mwepesi mwishoni, uuachie kadiri unavyoongeza usukani, ili pua ibaki imezama kidogo unapoingia. Geuza mara moja, taratibu, kisha mikono itulie. Subiri. Hapa ndipo mtu hukosa subira: pua ya Legacy inaonekana kama imekataa kuingia, naye anazidisha usukani. Usukani zaidi hausaidii, unazikwangua tu tairi za mbele. Kama pua imekataa, uliingia na mwendo mkubwa. Punguza usukani kidogo, ngoja tairi zishike, urudi tena. Ukiona njia ya kutokea, ndipo ukanyage mafuta, na ukikanyaga usiachie. Magurudumu manne yatakuvuta nje ya kona kama punda aliyeona nyumbani.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuachia mafuta ghafla katikati ya kona. Uzito unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, buti linaanza kufagia. Likikutokea, usikanyage breki. Rudisha usukani kuelekea unakotaka kwenda, gusa mafuta kidogo ili uzito urudi nyuma, na anza kunyoosha usukani kabla gari halijanyooka.

Raundi kumi za mwisho jipime kwa kufanana. Ukipata tatu mfululizo zilizopishana chini ya nusu sekunde, umeanza kulielewa gari. Raundi moja ya kasi sana katikati ya kumi zilizotawanyika ni bahati.

Hatua ya 6: Zoea bonde la tabo

Legacy hii ina tabo ndogo inayofanya kazi mizunguko ya chini, kisha ya pili inaingia juu. Kati yake, karibu na mizunguko 4,000 hadi 4,500 kwa dakika, kuna mahali nguvu inapungua kabla ya kurudi kwa kishindo. Wenye gari hili duniani kote wanalalamikia bonde hilo, na Wajapani hawakulimaliza. Modi nzuri imeliweka. Modi ambayo nguvu yake inapanda kama ngazi iliyonyooka imechukua injini ya mahali pengine.

Katika mchezo bonde linauma pale unapotoka kona. Ukiwa gia ya tatu kwenye mizunguko 4,000, unakanyaga, hupati kitu, unakanyaga zaidi, kisha tabo ya pili inafika wakati gurudumu la nje liko ukingoni mwa lami. Dawa ni kuchagua gia ili kona ikumalizie juu ya 5,000, au kubaki chini kabisa kwenye tabo ya kwanza na kukubali kutoka taratibu. Kwenye kona za Magione zinazobana mimi hutumia gia ya pili hata pale inapoonekana kelele inazidi. Kwenye kona ndefu za haraka, gia ya juu na mguu laini ni salama zaidi.

Hatua ya 7: Nenda Nordschleife

Hakuna barabara inayolifaa gari hili kuliko Nordschleife ya Ujerumani. Ilifunguliwa 1927, ina urefu wa kilomita 20.8, na hadi leo siku za wazi watu hulipa kiingilio na kuingia na magari yao ya nyumbani, wagoni zikiwemo. Katika Assetto Corsa inauzwa kando, lakini imepimwa kwa leza na kila tuta lake lipo. Chagua njia ya watalii.

Usijaribu kuikariri yote. Igawanye, piga kipande kimoja jioni moja. Mahali pa kuchunga ukiwa na wagoni ni hapa.

Schwedenkreuz: kona ya kushoto ya kasi iliyo juu ya kilima. Gari linanyanyuka na kuwa jepesi. Punguza kabla ya kilele, si juu yake, kwa maana juu yake hakuna uzito wa kufungia breki, na Aremberg ya kulia iko mbele yako mara hiyohiyo.

Fuchsröhre: unashuka kama uko kwenye bomba, chini kabisa springi zinabanwa hadi mwisho, kisha unapanda. Mwanzoni nilikuwa nafunga breki pale chini. Usifanye hivyo. Springi hazina nafasi iliyobaki, gari halitakusikia. Subiri lipumue juu, kisha breki kwa ajili ya Adenauer Forst, ambayo huwaaibisha wageni wote kwa sababu inaonekana rahisi mpaka ufike.

Karussell: kona ya kushoto yenye mfereji wa saruji ulioinama. Tumbukiza magurudumu ya kushoto mfereji wenyewe ukubebe, gia ya pili au ya tatu, na mikono ilegee kidogo maana usukani utatetemeka kama gari limekanyaga matuta ya barabara ya vumbi. Usitoke mapema.

Pflanzgarten: gari linaruka. Usukani unyooke kabla halijaruka na ubaki umenyooka mpaka litue. Legacy inatua pua kwanza, na ukitua magurudumu yakiwa yamegeuka, umekwisha.

Baada ya hapo kuna Döttinger Höhe, zaidi ya kilomita mbili za kunyooka. Ingia na gia sahihi kwa sababu ya lile bonde la tabo, kisha pumzisha mabega. Raundi ya kwanza kamili bila kugonga ni ushindi hata kama imekuchukua dakika kumi na mbili.

Hatua ya 8: Pakia familia

Watu wachache hufika hapa, na ndipo mimi ninapopafurahia zaidi. Gari la familia lilitengenezwa kubeba. Lipakie.

Tuseme abiria mmoja mbele wa kilo 70, wawili nyuma wa kilo 70 kila mmoja, na mizigo ya kilo 60 kwenye buti. Jumla unaongeza kilo 270. Kwenye car.ini, TOTALMASS ya 1,555 inakuwa 1,825. Lakini uzito haukuongezeka sawasawa: abiria wa mbele anagawanyika nusu kwa nusu, wa nyuma robo tatu yao iko juu ya akseli ya nyuma, na mizigo yote iko nyuma, hata kupita akseli kidogo. Ukipiga hesabu, CG_LOCATION inashuka kutoka 0.56 hadi 0.515 hivi. Andika hiyo. Tairi za nyuma ziongeze PSI tatu au nne, kama kibandiko cha mlangoni cha magari mengi kinavyoagiza gari likijaa.

Rudi Magione. Pua sasa itaingia kona kwa urahisi zaidi kuliko mwanzo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ukiachia mafuta katikati ya kona, buti halifagii tena, linatangulia. Vituo vyako vyote vya breki visogeze nyuma, uanze na mita 15 kila kimoja, maana tairi iliyobebeshwa mara moja na nusu haishiki mara moja na nusu. Legacy niliyokuwa nikiizungusha bila hofu ilinigeuza mara nne jioni ya kwanza nilipoipakia, zote kwenye kona ileile, zote kwa sababu ya mguu wa kulia.

Ukimaliza, rudisha data ya asili kutoka kwenye ile nakala ya Hatua ya 3 kabla hujaingia seva yoyote. Nakala yenye mzigo ipe folda yake yenye jina jingine, kisha kwenye folda ya sfx faili la bank lipe jina hilohilo la folda, na ndani ya faili la GUIDs.txt ubadilishe jina la gari pia, sauti isipotee.